Isukuti ikilia anatoka nje: jibu kwa mke wa mwanajeshi mstaafu kuhusu tiba ya muziki

"Daktari, mume wangu ana miaka 43. Alistaafu jeshini miaka mitatu iliyopita, baada ya kupelekwa Somalia mara mbili. Kwetu ni Kakamega lakini tunaishi Nakuru. Ujanani alikuwa mpiga isukuti wa kusifika. Mwaka 2016 alimzika rafiki yake aliyeuawa huko Somalia. Alizikwa kwa heshima za kijeshi, risasi zikapigwa hewani, na isukuti ikalia hadi jioni. Tangu siku hiyo hajagusa ngoma. Siku hizi halali vizuri, hukaa akiutazama mlango, na matatu ikipita na muziki wa juu hukunja ngumi. Mwezi Aprili tulikwenda arusi ya binamu yake. Isukuti ilipoanza alitoka nje, nikamkuta nyuma ya gari amejikunyata, jasho linamtiririka. Nilisoma kwamba muziki unawatibu wanajeshi wenye kiwewe, basi nikanunua spika ndogo, nikawa namwekea nyimbo za zamani asubuhi akiwa bado kitandani. Siku ya tatu aliamka, akaizima, akaiweka mezani taratibu, akatoka. Hakusema nami siku mbili. Spika nimeificha kabatini. Mchungaji anasema tuombe, kaka yake anasema dawa za hospitali zitampumbaza, naye mwenyewe hataki kusikia habari za hospitali. Je, nilimuumiza? Hii tiba ya muziki ni kitu cha kweli, na inaweza kushika nafasi ya hospitali?"

Dada yangu, nianze na lile linalokunyima usingizi. Hukumharibu mumeo. Nyimbo za asubuhi tatu haziwezi kumpa mtu ugonjwa. Ziligusa kidonda kilichokuwapo muda mrefu, na uchungu alioonyesha ni wa kidonda hicho, si wa mkono wako. Kwamba aliizima spika na kuiweka mezani taratibu badala ya kuivunja ni jambo ambalo ningependa ulitazame tena, kwa sababu mtu aliyejaa ghadhabu hafanyi hivyo. Hivyo ndivyo anavyofanya mtu anayetumia nguvu zake zote kujizuia.

Umeniuliza maswali mawili, kama ulimuumiza na kama muziki unatosha, lakini katika barua yako nasikia pia la tatu ambalo hukuliandika: yule kijana wa isukuti uliyeolewa naye, bado yupo? Nitajitahidi kuyajibu yote. Siwezi kutaja ugonjwa wa mtu ambaye sijakaa naye uso kwa uso, lakini mambo uliyoyaeleza, yaani usingizi uliovurugika, ulinzi usiokoma, kukwepa kila kinachomkumbusha yaliyopita, na mwili kulipuka kwa jasho na hofu pale anapokumbushwa, ndiyo tunayoyaona katika ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia madaktari wa Ulaya waliuita mshtuko wa makombora, wakidhani kwamba mtikisiko wa bomu ndio ulioharibu ubongo, na wakubwa wengi wa jeshi wakauita woga. Ni mwaka 1980 tu ndipo Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilipouingiza katika orodha yake ya magonjwa kwa jina lake. Ninakueleza haya kwa sababu wanajeshi wengi ninaowahudumia bado wanajihukumu kwa hukumu ile ya kale, kwamba wao ni waoga. Mumeo alikwenda vitani, akarudi, kisha akakubali kwenda tena.

Sasa tuje kwenye sauti, maana humo ndimo jambo lenu lilimo. Jicho lina kope, sikio halina. Hata tukiwa usingizini masikio yanaendelea kupokea, na habari za sauti hupita upesi hadi kwenye sehemu ndogo ndani ya ubongo yenye umbo la lozi, iitwayo amigdala, ambayo kazi yake ni kupiga king'ora kabla ya akili kupata nafasi ya kufikiri. Wewe ukisikia kishindo unashtuka, kisha akili inasema, "Ni mlango tu," na moyo unatulia. Mwanajeshi aliyekaa miezi katika kambi inayoweza kushambuliwa alfajiri yoyote amelifundisha sikio lake kutosubiri maelezo hayo. Huko Somalia, aliyesubiri kujua kwanza kama ni mlango au ni kombora hakuwa na muda wa kulala chini. Somo hilo lilimrudisha nyumbani akiwa hai, na mwili haulisahau kwa kuwa tu amerudisha sare.

Lakini isukuti si kombora, utasema, tena ni ngoma aliyoipenda. Ndiyo sababu nimekaa sana na ile sentensi yako kuhusu mazishi. Wewe unajua kuliko mimi kwamba kwa Waisukha na Waidakho wa Kakamega ngoma hizo tatu, kubwa, ya kati na ndogo, hulia mtoto anapozaliwa, hulia arusini, na hulia msibani. Mwaka 2016 mumeo alisimama penye kaburi la rafiki yake, tarumbeta likapigwa, risasi zikafyatuliwa hewani, kina mama wakapiga mayowe, na juu ya yote hayo isukuti ikalia. Ubongo ulio katika hofu na majonzi makubwa haupangi kumbukumbu zake kwa tarehe na mahali. Huzifunga pamoja kama kuni katika mzigo mmoja. Ukivuta ukuni mmoja, mzigo wote unakuja. Kwa hiyo mwezi Aprili wewe ulisikia arusi, lakini mwili wake ulisikia risasi.

Kisha linaongezeka jambo la pili, ambalo ndilo linaloudumisha ugonjwa. Alipotoka nje na kujikunyata nyuma ya gari, baada ya muda moyo ulitulia, na utulivu huo ukaufundisha ubongo kwamba kutoka ndiko kulikomwokoa. Mara nyingine atatoka mapema zaidi, na baadaye hataenda kabisa. Leo ni isukuti, kesho ni arusi zote, keshokutwa ni kanisa na soko, mpaka dunia ya mtu inakuwa kiti kimoja kinachotazama mlango. Nimewaona wanaume waliofika hapo bila mtu yeyote katika familia kugundua, kwa sababu kila hatua ilionekana kama kutulia tu.

Kwa nini basi nyimbo za zamani, ambazo hazina risasi ndani yake, nazo zilimchoma? Kwanza, zilimkuta kati ya usingizi na kuamka, saa ambayo mtu mwenye kiwewe hana ngao. Pili, wimbo haubishi hodi. Wimbo wa ujanani humrudisha mtu mzima mzima kwenye siku alizouimba, na kwa mumeo siku hizo zina kijana ambaye anaamini amekufa pamoja na rafiki yake. Huenda alichokilia huko nje si vita bali yeye mwenyewe wa zamani. Tatu, na hili naliona kubwa kuliko mengine, hakuchagua wimbo, hakuchagua saa, wala hakuwa na namna ya kuusimamisha bila kukukosea. Kiini cha kiwewe ni kufikwa na jambo kubwa usiloweza kulizuia. Muziki anaowekewa mtu bila ridhaa yake, hata kwa mapenzi makubwa kama yako, una umbo hilo hilo kwa udogo. Tiba ya muziki huanza na kinyume chake: mgonjwa ndiye anayeanza sauti, na ndiye anayeisimamisha.

Hapa ndipo magazeti na video nyingi zinapowapotosha watu. Tiba ya muziki haina maana ya kumchezea mgonjwa nyimbo laini mpaka atulie. Ni kazi ya mtu aliyesomea, anayetumia kupiga, kuimba, kutunga au kusikiliza kwa lengo maalumu ambalo yeye na mgonjwa wamelipanga, na anayejua la kufanya wimbo unapofungua kisichotarajiwa. Fani hii yenyewe ilizaliwa kwa wanajeshi. Wakati wa vita viwili vya dunia na baada yake, wanamuziki walikuwa wakienda kuwapigia majeruhi katika hospitali za wanajeshi wa Marekani, madaktari wakaona kwamba wapo waliokuwa wakiamka na kuzungumza, na wapo waliovurugika zaidi. Wakatambua kwamba kipaji cha kupiga kinanda hakitoshi. Mwaka 1944 Chuo cha Jimbo la Michigan kikaanzisha masomo ya kufundisha wataalamu hao, na mwaka 1950 wakaunda chama chao cha kitaifa. Daktari mmoja wa huko, Ira Altshuler, alifundisha kanuni tunayoitumia mpaka leo: muziki uanze pale alipo mgonjwa, hata kama ni penye ghadhabu, ndipo usogee naye hatua kwa hatua. Mtu aliyechafukwa na moyo ukimwekea wimbo wa furaha, unamwambia kwamba hujamwona.

Wala sisi huku hatukuwa wageni wa jambo hili. Babu zetu waliokuwa wanajeshi wa Keya, yaani jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku, na wapagazi katika vita vya 1914 hadi 1918 waliporudi makwao waliieneza beni, ile ngoma ya gwaride iliyokuwa imeanzia miji ya pwani, wakaicheza kutoka Mombasa hadi bara ya Tanganyika na Nyasa, wakiwa na vyeo, kofia na mistari yao ya kijeshi. Wanahistoria wameiandika beni kama habari ya siasa na ya ushindani wa miji, na ni kweli. Mimi kila ninapoifikiria nawaona pia watu waliokuwa wamelazimishwa kutembea kwa amri, sasa wakitembea gwaride lile lile kwa hiari yao, kwa mdundo wao, na wenzao waliofahamu bila kuelezwa.

Nikuonyeshe inavyokuwa chumbani. Mwanaume mmoja mstaafu aliletwa kwangu na dada yake, akaketi kiti kilichoelekea mlango, mikono juu ya magoti. Niliweka ngoma ndogo sakafuni kati yetu, na yangu nikaiweka pajani. Nikamwambia kwamba ngoma yake inyamaze kadiri apendavyo, na akipiga nitajibu, akiacha nitaacha. Dakika karibu ishirini hakugusa kitu. Kisha akainama, akaivuta kwa kidole cha mguu, akagonga kwa kidole kimoja cha mkono: moja, mbili, moja, mbili, mwendo wa gwaride. Nikamjibu. Akaacha ghafla, nami nikaacha pale pale. Akanitazama, akagonga tena, akaacha tena, nami nikaacha. Alifanya hivyo mara nyingi akinijaribu. Kila mara sauti ilipokatika kwa amri yake mabega yalishuka kidogo. Siku hiyo hatukuzungumzia vita hata neno moja, lakini wiki iliyofuata alikuja peke yake.

Kilichotendeka humo kina maelezo. Alikutana na mdundo, yaani kitu kilichofungwa pamoja na hofu yake, kikiwa kidogo, kikiwa polepole, na kikiwa chini ya mkono wake, na hakuna kibaya kilichotokea. Ubongo haufundishwi kwa kuambiwa kwamba hakuna hatari. Hufundishwa kwa kukaa mahali pa hofu muda wa kutosha mpaka mwili ushuke wenyewe. Kuna pia habari ya pumzi. Mtu anayeimba, au hata anayeimba kwa mdomo uliofumbwa, hutoa pumzi ndefu kuliko anayoivuta, na pumzi ndefu ya kutoa hupunguza kasi ya moyo kupitia neva ya vagasi, inayoteremka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Tena, tiba inapofanywa katika kikundi, kuna watu kumi wanaopiga mdundo mmoja: aliyezoea kutembea na kikosi, na ambaye sasa anajiona peke yake kati ya raia wasiomwelewa, hujikuta tena ndani ya mwendo wa pamoja, bila kulazimika kusimulia lolote.

Sasa nikupe ukweli wa ushahidi, kwa sababu umeniuliza kama inaweza kushika nafasi ya hospitali. Jibu ni hapana. Tafiti za muziki kwa wenye kiwewe zinatia moyo lakini ni ndogo. Mmoja unaotajwa sana, uliofanywa Israeli na kuchapishwa mwaka 2008, uliwafuatilia wanajeshi sita waliopiga ngoma katika kikundi. Walipata mshikamano na namna ya kuitoa hasira, lakini ni sita. Mwingine wa Uingereza, wa mwaka 2012, ulikuwa na watu 17 ambao tiba ya mazungumzo haikuwa imewasaidia vya kutosha. Wale walioingizwa katika kikundi cha muziki walipata nafuu kuliko waliosubiri. Mwongozo wa mwaka 2023 unaotumiwa na hospitali za jeshi na za wanajeshi wastaafu wa Marekani unatanguliza tiba za mazungumzo zinazokikabili kiwewe chenyewe, ambamo mtu, kwa kusindikizwa na mtaalamu, huirudia kumbukumbu mpaka inapoteza makali. Kuhusu muziki, mwongozo huo hauupendekezi wala hauukatazi, kwa kuwa ushahidi haujatosha. Maoni yangu, baada ya miaka ya kazi hii, ni kwamba muziki una thamani kubwa kwa mtu wa namna ya mumeo, asiyetaka kusema, kwa sababu unaweza kumfikisha kwenye matibabu na kumsaidia ayavumilie. Anayewaambia kwamba ngoma peke yake itamponya, na kwamba mnaweza kuacha hospitali, msimsikilize, hata akiwa na vyeti.

Kuhusu dawa, naelewa hofu ya shemeji yako. Zipo dawa zinazompumbaza mtu, na cha kusikitisha ni kwamba mara nyingi ndizo ambazo watu hujinunulia wenyewe dukani ili walale, za jamii ya diazepamu, ambazo mwongozo ule ule unakataza kuzitumia kwa kiwewe kwa kuwa haziponyi na mwili huzitegemea. Pombe nayo ni hivyo hivyo. Dawa ambazo daktari wa akili angefikiria kwanza, kama sertralini au paroksetini, ni za namna nyingine. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, huenda zikaleta kichefuchefu au kupunguza hamu ya tendo la ndoa, na mtu ana haki ya kuambiwa hayo kabla ya kuanza. Lakini hazimfanyi mtu kuwa zuzu. Si kila mgonjwa anazihitaji.

Na mchungaji wenu hajakosea kuomba. Maombi na hospitali havigombani. Ninachokuomba ni kwamba umweleze mchungaji jambo moja: mkesha wenye vipaza sauti vikubwa, ambapo mtu huyu anazungukwa, anawekewa mikono kichwani na kupigiwa kelele ili pepo litoke, unaweza kumrudisha vitani palepale madhabahuni. Akitaka kumsaidia, amtembelee nyumbani akiwa peke yake, aketi mahali mumeo anapoweza kuona mlango, na azungumze kwa sauti ya kawaida.

Sasa, mfanye nini? Ningeanza na masikio. Wanajeshi wengi hurudi na mlio usiokoma ndani ya masikio, na katika wanajeshi wastaafu wa Marekani ndio unaoongoza orodha ya ulemavu wanaolipwa fidia. Milio ya bunduki na milipuko huliharibu sikio la ndani kiasi kwamba mtu hasikii maneno vizuri mezani, na wakati huohuo sauti kubwa inamuuma kweli, kama kisu. Inawezekana kabisa kwamba sehemu ya yale unayoyaona matatu inapopita ni maumivu ya sikio. Hili lina faida nyingine. Mwanaume anayekataa kabisa habari za "daktari wa akili" mara nyingi hukubali kupimwa masikio, kwa kuwa sikio lililoharibiwa kazini halina aibu. Akiwa huko, mwombe daktari amuulize habari za usingizi, na pia kama aliwahi kuwa karibu na mlipuko na kupoteza fahamu, maana mtikisiko wa ubongo unaweza kuleta dalili zinazofanana na hizi. Wengi wa wale ninaowaona leo waliingia kupitia mlango huo.

Nyumbani, usimwekee muziki wowote bila yeye kuomba. Usimnunulie spika za masikioni ukidhani zitamkinga na kelele. Mtu anayelinda mlango hawezi kuziba masikio yake, atahisi amefungwa macho. Kama kuna sherehe, mwambie mapema kutakuwa na ngoma gani na saa ngapi, kaeni karibu na njia ya kutokea, gari liwe limeegeshwa mahali ambapo halitazibwa, na mpatane ishara ndogo, mkono juu ya bega labda, inayomaanisha kwamba anatoka kupumua na atarudi. Kutoka kwa mpango na kurudi baada ya dakika kumi ni tofauti kabisa na kukimbia. Kunaufundisha ubongo somo jingine. Mkirudi nyumbani usimhoji.

Jioni, ukiwa unachambua mchicha au unakunja nguo, unaweza kuimba mwenyewe kwa mdomo uliofumbwa, wimbo wako, kwa ajili yako. Namaanisha kweli kwa ajili yako, kwa sababu nawe pia umeishi miaka katika nyumba yenye king'ora kisichozimwa, na pumzi yako nayo imekuwa fupi. Akiondoka, endelea polepole au acha, bila kukasirika. Akibaki, msiseme kitu. Iwapo siku moja atagonga meza kwa vidole, usimtazame kwa mshangao wala usiwaite watoto waje waone. Isukuti yenyewe isiletwe nyumbani na mtu yeyote. Itakaporudi, nataka irudi kwa kuitwa na yeye, na ningependa siku hiyo awe na mtaalamu, aanze na ile ndogo, akiwa ndiye anayeipiga.

Kumpata mtaalamu aliyesomea tiba ya muziki hasa si rahisi kwetu. Ni wachache sana Afrika Mashariki. Chuo kinachojulikana zaidi barani kwa kuwafundisha ni Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini. Kwa hiyo usianze kwa kutafuta muziki, anza kwa kutafuta mwanasaikolojia au daktari wa akili anayejua kiwewe, kisha umuulize kama anaweza kushirikiana na mwalimu wa muziki au kikundi. Hospitali ya rufaa ya kaunti yenu ndiyo njia ya karibu, na Nairobi kuna Mathari na Kenyatta. Kwa kuwa ni mstaafu wa jeshi, aulize pia haki zake katika huduma za hospitali za jeshi, ingawa wapo wanaopendelea kutibiwa mbali na macho ya wenzao, na hilo ni lake kuamua. Mkimwona mshauri au mwanasaikolojia, muulizeni bila haya kama amesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014. Mtu mwenye gitaa na moyo mwema anaweza kufungua kumbukumbu asiyoweza kuifunga.

Kuna mambo ambayo hayasubiri kupimwa masikio wala kuzoea ngoma. Akianza kusema kwamba ingekuwa heri yeye ndiye angezikwa mwaka ule, akigawa vitu vyake, akiaga watoto kwa namna usiyoielewa, akinywa mpaka kupoteza fahamu, akikuinulia mkono wewe au watoto, au akiona na kusikia mambo kana kwamba yuko Somalia na asikutambue, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, ukiwa na mtu mwingine. Muulize wazi, kwa maneno haya haya: "Unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpi wazo hilo, mara nyingi humpa nafasi ya kulitua. Toa nyumbani dawa za wadudu, vidonge vilivyobaki, na silaha kama ipo. Laini ya 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bila malipo. Na kama mnaogopa polisi, jueni kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinakwenda kinyume cha Katiba. Familia nyingi zilikuwa zikificha wagonjwa wao kwa hofu hiyo. Nawe ukijiona uko hatarini, ondoka na watoto kwanza, mengine yatazungumzwa baadaye; kuondoka huko hakutakuwa kumtupa.

Umeuliza, kwa kutouliza, kama kijana wa isukuti bado yupo. Mtu ambaye ngoma haimgusi tena hatoki nje ikilia. Hukaa tu akaendelea na chakula chake. Mumeo bado anaisikia isukuti kuliko wote waliokuwa pale arusini.

Kwa leo kuna jambo moja dogo la kufanya. Spika uliyoificha, mwambie iko wapi. Mwambie ulikosea kumwekea nyimbo bila kumuuliza, na kwamba hutafanya hivyo tena. Kisha itoe kabatini uiweke mahali anapoweza kuifikia, ikiwa imezimwa, na uiache hapo.